Baba Aliyewafuata Maskauti Kilimani

Tansen, Palpa
9 Asoj

Mpendwa Kaka Sudarshan,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Kifua kimepoa? Na joto la huko Kuwait, bado linawafungia ndani mchana kutwa? Sisi wazima, ila shemeji yako anachechemea, na kisa chake ndicho kilichonikalisha niandike.

Mpwa wako Aayushma ni skauti sasa. Ili apate beji, ilimpasa awaongoze wenzake kupanda kilima na kurudi bila mtu mzima. Kiongozi wao, Bi Rejina, alituomba wazazi tusaidie. Nikabaki najiuliza, tusaidie vipi? Nimpangie mkoba? Nimchoree njia? Nilipomwuliza alicheka: "Mpeni maswali, dada, kisha mfunge midomo yenu."

Basi nikamwuliza mtoto, "Ukungu ukishuka utafanyaje?" Akaenda kutafuta jibu mwenyewe.

Baba yake, Nirajan, hakuweza kuvumilia. Siku yenyewe aliaga kwamba anakwenda sokoni kununua tangawizi. Kumbe amewafuata, anajibanza nyuma ya misonobari kama mwizi wa mbuzi!

Ukungu ukashuka kweli. Wasichana wakaketi pamoja kusubiri, kama Aayushma alivyopanga. Baba mtu akapotea, akateleza, akateguka kifundo cha mguu. Ikabidi apige kelele.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Baba yako."

Wakamfunga mguu kwa skafu zao, wakamshusha taratibu huku wakimkemea, "Baba Aayushma, usikanyage hapo!"

Aayushma alitangulia mbele njia nzima. Kufika nyumbani akalipuka: "Baba, wenzangu wataniamini vipi kama wewe mwenyewe huniamini?" Unamjua Nirajan, hakosi neno. Siku hiyo alizikunja tu zile skafu, moja baada ya nyingine.

Beji nayo ikacheleweshwa. Bi Rejina alisema kilimani alikuwepo mtu mzima, kwa hiyo safari irudiwe. Mtoto alilia, mimi moyo ukaniuma, lakini sikwenda kumbembeleza kiongozi.

Jumamosi iliyopita wakapanda tena. Shemeji yako alishinda kwenye benchi la mlangoni, akiniuliza kila mara lile wingu linaelekea wapi. Jioni Aayushma akatokea, matope hadi magotini. Baba yake akasogea kumpisha. Mtoto akaketi ubavuni pake akasimulia, akasimulia, hadi wali ukaungua jikoni na hakuna aliyeinuka.

Tangu hapo nawaza sana, Kaka. Ulipopanda basi ukaenda ugenini mara ya kwanza, Mama alibaki kimya akakutazama tu. Wewe ulitamani akusaidie vipi? Sijawahi kukuuliza. Niandikie.

Nisalimie wifi Sabitri na umbusu Prayas. Mama anakuombea kila asubuhi, nami naomba sikukuu ya Dasain ikukute na afya na moyo mkunjufu.

Mdogo wako akupendaye sana,
Bimita