Lango la Gofu la Watawa

Harelaw, 3 Oktoba 1974

Mwanangu Cuthbert,

Hujambo wewe, na mkeo Elspeth na tumbo lake? Mimi mzima, ila goti hulalamika asubuhi kukiwa na umande.

Nasikia tajiri wako ameziba njia inayozunguka gofu la watawa, ile nyumba yao ya kale iliyobomoka, na aliyetia lango na kufuli ni wewe. Sikusadiki mpaka Nan alipokwenda kujionea. Basi Jumamosi ya tarehe 12, mimi na wenzangu wa siku zote, Nan na Thirza, tutapita pale, kama tunavyopita kila majani yakipukutika tangu vita viishe. Njia isiyokanyagwa hufa, na ile ni ya watu wote. Saa nne tutakuwa langoni.

Mama yako

Shambani, 7 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, mtoto anapiga mateke kama farasi.

Nakuomba msije. Nyumba tunayokaa ni ya tajiri. Ameniambia, "Akipita mtu mmoja tu, na wewe utapita, kwenda kwenu." Elspeth anajifungua Desemba. Mwaka huu tembeeni mtoni. Najua utanielewa.

Mwanao

Harelaw, 14 Oktoba

Cuthbert mwanangu,

Umeamkaje baada ya juzi? Mimi nimechubuka magoti, lakini nakula na kulala.

Barua yako niliisoma mara tatu, na bado nikaja. Kwa kupita siombi radhi. Ila kazi yako kuwa hatarini, hilo linaniuma.

Nan alikuambia, "Nilikukata kitovu mimi, fungua," ukajibu, "Siwezi, Mama Nan," ukatugeuzia mgongo. Tukaparamia ukuta. Mimi nilipasua sketi, Nan akatukana hata watawa waliokwisha kufa. Thirza ndiye aliyekwama juu, na nyonga yake ile mbovu. Ulikuwa na haki ya kutogeuka. Ukageuka, ukamshika kiuno, ukamshusha kama yai. Gari la tajiri lilikuwa limesimama barabarani. Nililiona, nawe uliliona.

Hukuona yaliyofuata. Tulizunguka gofu zima, majani mekundu yakitufika vifundoni, tukanywa chai yetu penye tao lililobaki. Thirza alilia. Akaniambia, "Isobel, umelea."

Nasubiri habari. Chumba chako nimekifagia.

Mama yako

Shambani, 25 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Sote wazima, na Elspeth anakusalimu sana.

Nimefukuzwa. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira nawe, nikangoja ziishe. Hazijaisha zote, lakini zilizobaki naweza kuja nazo. Kiwanda cha mbao kimenikubali kuanzia Jumatatu. Keshokutwa, Jumapili, tunahama; mwambie mume wa Nan alete lori saa tatu.

Leo nilikuwa bado mwajiriwa mpaka saa sita mchana. Lango nililitia kwa mikono yangu, kwa hiyo saa tano nimeling'oa kwa mikono hiyohiyo, nikaliegemeza kwenye ukuta wa tajiri, na funguo juu yake. Kisha nimezunguka gofu na Elspeth, polepole, maana amekuwa mzito. Upande wa mtoni tumewakuta watu watano wasiotujua, na mbwa wao. Wametuuliza, "Njia hii inapitika?"

Elspeth amewajibu kabla yangu: "Piteni tu."

Mwanao