Fedha ya Kibanja Imelala Mabira

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya misa

Kaka Deo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na kwamba goti la Mama limepata nafuu sasa mvua imekatika. Mimi sijambo. Joto la huku ni lile lile, na wauza ndizi wa huku wanaita ndizi kitu ambacho kwetu tungempa mbuzi.

Naileta kwa mkono wa Sista Redempta, muuguzi anayerudi zahanati ya misheni. Sikutaka ipitie sanduku la posta tulilozoea, kwa sababu sanduku hilo ni la dukani kwa Pastory, na Pastory ndiye anayetaka kununua kibanja, shamba letu la migomba. Isome peke yako kwanza, kisha msomee Mama.

Umeniandikia kwamba kila siku ya gulio unapanda baiskeli kutoka Nyakatuntu hadi Mabira, kwenye wakala wa benki, kuulizia fedha niliyokutumia, na karani anakujibu neno moja: haijafika. Fedha hiyo niliituma kabla kahawa haijaanza kuanikwa. Baba mdogo Rwiza alikuwa amesema atauza upande wake wa kibanja, ule wenye kaburi la Baba, na kwamba mtu wa ukoo akileta fedha kabla ya mgeni, basi ni chake. Mimi ni mwanamke. Ukoo hautanipa ardhi hata nikilipa mara mbili. Ndiyo maana niliandika jina lako.

Sitakuficha, Kaka. Nilikushuku wewe. Binamu yetu dereva wa lori alipita hapa akaniambia, "Kwa Deo siku hizi mvua ikinyesha hamsikilizani. Bati tupu! Amekuwa mzungu." Akacheka sana. Mimi sikucheka, kwa kuwa katika barua zako zote hukutaja bati.

Basi nikaenda benki na stakabadhi yangu. Pale kaunta yupo mama mmoja wa makamo, hana haraka.

"Dada, sisi hatutumi kwa jina la mahali," akaniambia. "Teleksi inakwenda na namba ya tawi."

"Namba ya Mabira ni ipi?"

"Mabira haina namba. Ni wakala tu, chumba kimoja na gari linalokuja siku ya gulio. Inanyonya kwa mama yake, Kayanga. Hapa imeandikwa namba ya Kayanga, chini yake jina la kaka yako, halafu neno Mabira."

"Na kama Kayanga hawakulisoma hilo neno la chini?"

"Basi imekaa hapo hapo inamsubiri mwenyewe, naye anaisubiri kwingine. Wala siyo ya kwanza."

Ningeweza kuishia hapo na kukuomba radhi. Maelezo yalikuwa mazuri, na maelezo mazuri huwa nayaangalia mara ya pili. Nikaomba simu ya masafa marefu ofisini kwetu, na baada ya opereta kutukatia mara kadhaa nikampata mhasibu wa Kayanga. Nilimsomea namba ya tawi lake na namba ya stakabadhi.

"Ilifika!" alipiga kelele, maana laini ilikuwa mbovu. "Tuliisoma vizuri tu. Ikaenda Mabira na gari."

"Nani aliipokea?"

"Karani wa kule. Alisaini."

"Na mwenyewe amesaini?"

Nikasikia anafunua daftari. Kisha akasema, "Bado. Karani ameripoti kwamba mwenyewe hajatokea. Asipotokea mpaka msimu wa kahawa uishe, tutairudisha huko kwako."

Hajatokea. Nawe unakwenda kila gulio.

Nilirudi kwenye barua yako ya mwisho. Umeandika: "Karani ni mtu mwema, kamwoa dada yake Pastory, hunikaribisha kiti." Sisemi karani ni mwizi. Fedha haijaibiwa, imelazwa tu. Ninachojua ni kwamba ikilala mpaka kahawa iishe, Pastory atakuwa wa kwanza mbele ya Baba mdogo, na ukoo utasema tuliitwa hatukuja.

Sasa fanya hivi. Usimwambie karani lolote, na gulio lijalo usiende Mabira. Nenda Kayanga na Mama, mchukue na barua ya mwenyekiti wa kijiji ya kukutambulisha. Mwulize mhasibu, si mtu mwingine. Ameniahidi kuirudisha fedha kwenye kaunta yake ili uchukulie hapo. Mama akuone ukiipokea.

Limebaki jambo moja, na limeninyima raha kuliko benki. Fedha yangu iko Mabira. Kwa hiyo bati hazikutoka kwangu, na kwa shuku ile naomba radhi. Lakini kahawa hujauza bado, na ng'ombe wa Mama yupo, binamu alimwona. Bati zimetoka kwa nani?

Tena umeandika, kama habari ya kupita, kwamba Baba mdogo alikuita kwake mkanywa rubisi yake ya ndizi. Unajua kama mimi kwamba kwetu kibanja hakijauzwa mpaka rubisi ya mauzo inywewe mbele ya ukoo, na anayekunywa amekubali. Rubisi ile ilikuwa ya nini? Pastory alikuwepo? Kibuyu alikileta nani?

Kama ilikuwa rubisi ya kawaida, nijibu kwa mkono wa Sista na nitacheka pamoja nawe. Kama ilikuwa ile nyingine, usinijibu wewe. Mwache Mama amwambie Sista, naye aniandikie.

Msalimie mkeo na wanao. Msalimie shangazi wa bondeni anayeuza maharage, na katekista wetu, mwambie miwani yake nimeipata. Baba mdogo Rwiza naye msalimie, kwa heshima yake yote. Ukifika kwake, kaa, zungumza, ila akikukaribisha kibuyu mwambie tumbo linakuuma.

Mama nimemwandikia maneno mawili tu nyuma ya bahasha, kwa Kinyambo chetu, Sista atamsomea, ili ajue barua hii ni ndefu kuliko utakayomsomea ukiruka.

Mdogo wako anayekupenda na anayesubiri,
Adelina