Gadenia ya Mama na Mbuzi wa Jirani

Mjukuu wangu Wambui,

Nakuomba haya yabaki kwako, hata mama yako asiyasikie. Hapa Ruiru tuko salama. Mvua imenyesha na shangazi yako amepona kifua.

Umeniuliza kama ukate gadenia yako ndiyo itoe maua. Ngoja kwanza. Nilipokuwa karani mpya kiwandani Thika, nikiogopa kila kosa, mama yangu alikuwa mgonjwa, akingoja gadenia yake ichanue ainuse. Siku moja, nikitaka pawe nadhifu, niliikata ikawa duara. Sikujua vile vitumba vya kijani ndivyo vingekuwa maua.

Mama alipoona, alimlaumu rafiki yake wa mlango wa pili, Mama Njoki, aliyefuga mbuzi.

“Mbuzi gani hukata sawasawa hivi?” Mama Njoki akauliza. “Huyu wangu amenunua makasi?”

Mama hakucheka. Mimi nilisimama pale pale, nikanyamaza.

Hawakusemezana tena. Tulipomzika Mama, Mama Njoki alibaki nje ya lango, na bado sikusema. Naye sasa hayupo.

Basi ukiona vitumba, usikate. Subiri maua yaishe. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa maana kesho yake ni ngumu zaidi.

Nipigie simu Jumapili asubuhi, wenzangu wakiwa kanisani. Akipokea mwingine, msalimie tu, ujaribu wiki ijayo. Nikipokea mimi, niulize kwa nini nilinyamaza. Sijawahi kuulizwa.

Cucu wako