Maharage kwenye msingi wa fremu zetu

Josefina, acha unachofanya usome hapa.

Natoka Majengo sasa hivi, kwenye lile jengo la fremu zetu za maduka. Si mkandarasi wetu Zephania alisema korona imekimbiza mafundi?

Mafundi wapo. Wanapalilia maharage. Ndani ya msingi, Josefina, kila chumba na matuta yake. Ya kwenye fremu yako yameshatoa maua.

Zephania kuniona tu, akavuta barakoa puani. Eti, "Dada, hii korona imetuweza." Jembe liko mkononi.

Korona gani hiyo inakataza tofali, inaruhusu jembe?

Nikamuuliza jengo litaisha lini.

"Mungu ndiye anajua, dada."

Nikamuuliza haya maharage yanavunwa lini.

"Mwezi wa sita." Hata hakufikiria.