Mpishi wa Meli ya Kutegua Mabomu

Mzee Harold,

Tulikuzika Alhamisi, hapa Rockville, na nimekukasirikia. Ngoja nikueleze.

Binti yako Karen aliniomba niseme machache kanisani, kwa vile ni mimi niliyekutunza miaka hii miwili, nikikuogesha na kukunywesha uji uliouita gundi. Ningesema nini kingine? Nikawasimulia ile ya sufuria. Kwamba vitani ulikuwa mpishi kwenye meli ya kutegua mabomu ya baharini, meli ya mbao, maana mabomu yale yalilipuka yakihisi chuma. Kwamba siku moja uliunguza maharagwe hadi kifuniko kikagoma kufunguka, ukamwogopa kapteni, ukaitupa sufuria nzima baharini. Ikaelea. Mlinzi akaona kitu cheusi cha mviringo, king'ora kikalia, na mabaharia wakaipiga risasi karibu nusu saa bila kuipata, nawe umesimama hapo na aproni, ukiwasaidia kuonyesha ilipo.

Mzee, watu walicheka. Pasta ilibidi aketi.

Ndipo mama mmoja wa makamo, ambaye hakuna aliyemjua, akasimama kule nyuma. Alikuwa ametoka Fairfax. Alisema babake alikuwa kwenye meli iliyotangulia yenu, ile iliyogonga bomu ikapasuka. Kapteni wenu alikataza mtu yeyote kushuka, kwa kuwa mabomu mengine yalikuwa bado majini. Mpishi akashusha mashua ndogo bila ruhusa, akapiga makasia peke yake, akarudi na watu watano.

"Baba yangu alikuwa wa tatu," akasema. "Alituambia mpishi alilia njia nzima, akiwaomba radhi kwamba supu imepoa."

Karen akanigeukia kana kwamba nilimficha habari hiyo. Mimi! Miaka miwili, kila nikikunyoa ndevu, ni sufuria, sufuria. Nikikuuliza kama uliogopa vitani, unasema uliogopa kuosha vyombo. Na yale maji ya kuoga uliyokataa yapite magoti, mimi nikadhani ni ukaidi tu.

Hasira imeanza kuniisha. Jumapili mimi na Karen tumealikwa Fairfax. Yule mama ana watoto wanne na wajukuu tisa, na ametuonya kwamba nyumba yake ina kelele.

Kwaheri, Mzee wangu. Nakuahidi nitawashika mkono mmoja mmoja, hata yule mjukuu mchanga wa miezi miwili.

Nyambura