Bahari ya Mama Kwenye Chupa

Alhamisi, 2 Agosti 1979

Kesho treni! Kwaya nzima, siku nne Mombasa. Mwalimu Gichuru ametusomea sheria: hakuna kutembea peke yako, hakuna pombe, hakuna kuingia majini ukiwa umeshiba. Ngui akacheka chini chini. Sisi wawili ni besi, tunakaa nyuma, hatuonekani.

Mama hakuomba leso wala halua. Ameosha chupa tupu ya skwoshi ya machungwa kwa majivu na maji moto, akaifunga kwa kitambaa chake cha kichwa. Anataka maji ya bahari aloweke miguu. Baba alifanya kazi reli miaka ishirini na miwili, na kila mwaka alimwambia mwaka ujao nitakupeleka ukaione. Akafa Mama hajafika hata Voi. Sasa miguu imevimba. Kwenda choo cha nje ni lazima Mama Kavata, jirani yetu wa mlango wa pili tuliyempa ufunguo wetu, amshike mkono.

"Bedan," ameniambia, "mimi sitafika huko. Basi ije yenyewe."

Nimemwapia.

Jumamosi, 4 Agosti

Joto! Shati limeganda mgongoni tangu stesheni. Tumepita chini ya zile pembe kubwa za barabarani. Miaka yote nilijua ni za ndovu — kumbe mabati! Nikazigonga kuhakikisha. Ngui akaniambia niache ushamba, watu wanaangalia. Tumekula viazi vya karai na mabuyu mpaka ndimi zikawa nyekundu.

Jioni tukaenda kule bustani ya Mama Ngina kuiona bahari. Sikujua ni kubwa hivyo. Niliona haya kidogo, kwamba aliyefika ni mimi.

Jumapili, 5 Agosti

Tumeimba vizuri. Mchana feri ya Likoni, tukavuka mara mbili kwa raha tu. Halafu pwani, viatu mkononi. Wimbi dogo likanipiga kiunoni nikapiga kelele, watoto wa pale wakacheka hadi wakakaa chini.

Lakini nilijaza chupa! Sikuchota pale ukingoni penye nyayo za watu. Niliingia mpaka kifuani, na kuogelea sijui, nikachota maji safi. Ngui naye kajaza yake, ya nyanya yake kule Kangundo. Nimeifunga tena kwa kitambaa. Nimefurahi kuliko siku yoyote mwaka huu.

Jumatatu, 6 Agosti

Asubuhi Fort Jesus. Mizinga, kuta, popo. Mwalimu Gichuru alieleza kila jiwe.

Mchana tulichomoka, mimi na Ngui. Kuna mahali nyuma ya minazi wanauza pombe ya mnazi, wanapaita mangwe. Unakunywa kwa mrija, tamu, huoni inavyopanda. Ngui akasema tubebe kidogo ya treni. Kubebea nini? Chupa yake alikataa katakata, ni ya nyanya. Nikatoa yangu.

Niliimwaga hapo hapo mchangani. Nilicheka, hata. Nikasema bahari haiendi popote, kesho nitachota nyingine.

Jumanne, 7 Agosti

Kichwa! Mazoezi tangu chai hadi saa kumi, Mwalimu hakuachilia mtu. Kutoka pale moja kwa moja stesheni. Bahari sikuiona tena.

Jumatano, 8 Agosti

Nilifikiri nitamwambia ukweli. Kweli nilifikiri. Kutoka stesheni nimetembea kwa miguu hadi mtaani kwetu Maringo ili nipate maneno, na maneno nikayapata. Halafu nikaona taa ya duka la Aweys, ameshafungua. Nyuma yangu watu walikuwa wanangoja maziwa. Sikumtazama yeyote. Nikaomba pakiti ya chumvi.

Chupa nimeisuuza mara tano kwenye bomba la mtaa, nikaijaza. Vijiko vinane. Nikaonja, nikaongeza viwili.

Mama alikuwa macho, amevaa gauni la kanisani. Kunipokea mimi? Hapana, kupokea bahari! Alitia kidole, akaonja, akafumba macho. Akasema ni chumvi kama Baba alivyomwambia. Mama Kavata akaleta beseni, akatia vikombe viwili vya ile chupa na maji ya vuguvugu, akapiga magoti akamwosha miguu. Mama akaniuliza mawimbi yanalia vipi. Nikamwigia. Mimi, nimesimama pale, nikamwigia mawimbi.

Nimekuwa mtu gani?

Ijumaa, 10 Agosti

Uvimbe umeshuka. Sisemi uongo — kifundo cha mguu kinaonekana! Mama Kavata ameomba kijiko kimoja cha kumpaka mtoto wake Kavata, ana vipele. Mama akamwambia pole, yamebaki kidogo. Mama, asiyemnyima mtu hata unga wa mwisho.

Mama anataka kutoa ushuhuda kanisani.

Jumatatu, 13 Agosti

Nimemweleza Ngui. Hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi. Kangundo kwa nyanya yake hajaenda bado. "Chukua nusu ya maji ya shosho wangu," akasema. "Matha wako aoshe na ya ukweli, na wewe ulale."

Amenijazia kwenye chupa ya dawa. Kuna mchanga chini na kipande cha mwani. Bahari yenyewe! Kesho nitabadilisha kabla ya kwenda kazini. Namshukuru Mungu, ingawa sina uso wa kumshukuru.

Jumanne, 14 Agosti

Nimebadilisha. Jioni nikarudi napiga mluzi.

Mama alikuwa amekaa kitandani, chupa mapajani. Alifungua akaninusisha. Harufu ya mwani, harufu ile ile ya Likoni, ila imelala siku tisa.

"Hii si ile," akasema. "Hii ni maji ya mtaro. Yangu yalikuwa safi."

Nikamwambia labda yamechacha. Akasema bahari haichachi. Akaniagiza nikayamwage. Nimeyamwaga, mimi tena, kwenye mtaro wa Maringo. Mara ya pili.

Niliporudi ndani alikuwa ameshafika mwisho wa hesabu zake. Nikiwa kazini, nani ana ufunguo? Nani aliomba akanyimwa?

Nilifungua mdomo. Nikasema naenda kununua mkate.

Alhamisi, 16 Agosti

Ufunguo umerudishwa. Jana Mama alimwambia Mama Kavata mlangoni, kwa sauti, wapangaji wa plot nzima wakasikia: mwizi wa maji. Miaka kumi na moja ya kushikwa mkono. Tangu jana Mama anakwenda choo kwa kushika ukuta, na mimi nikiwa kazini hakuna wa kumwangalia. Leo ameanguka, kiwiko kimechubuka. Miguu imevimba tena.

Mimi ndiye ninayempaka dawa kwenye kiwiko, nikiambiwa nina moyo mzuri.

Jumamosi, 18 Agosti

Bombani asubuhi. Mama Kavata alikuwa anajaza debe. Nilitaka kurudi, akaniita.

"Bedan, siku ile mlipotoka Mombasa, mimi nilikuwa kwa Aweys. Nyuma yako, nangoja maziwa."

Maji yalifurika debe lake. Hakuna aliyefunga bomba.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kwa nini alipiga magoti akaosha miguu, na huku anajua.

"Alikuwa anafurahi," akasema. "Na wewe ni mtoto wake. Nikisema mimi, nitakuwa nimemnyang'anya mara mbili, bahari na mtoto."

Akajitwika debe, akaenda. Ningepigwa kofi ningeshukuru. Siku nzima nimekaa ndani. Mama anauliza kama ni malaria.

Jumapili, 19 Agosti

Saa mbili na nusu. Ibada ni saa tatu. Nimevaa joho la kwaya, naandika kwenye kona ya meza. Mama ameshavaa. Anasema ushuhuda hatoi tena, atasimama aombee mtu fulani aliyeiba, na jina atalitaja ili Mungu asikosee.

Kila Jumapili ni Mama Kavata anayemshika mkono hadi kanisani. Leo nitamshika mimi.

Hodi.

Ni yeye. Namjua kwa ndara zake. Amekuja, pamoja na yote hayo amekuja.

Mama amesema nisifungue. Amesema nimwambie aende zake, tuna miguu yetu. Amejiinua kitandani, ameshika ukuta.

Hodi ya pili. Taratibu.

Nimesema, "Mama."

Amegeuka. Ananitazama, anangoja.