Vidole Viwili Chini ya Futi

Jumapili, usiku umeingia. Upepo umepuliza hapa Ipagala tangu asubuhi na vumbi lake limeingia mpaka kwenye sukari. Nimefunga madirisha, nimevaa soksi, na bado miguu ni ya baridi.

Acha niseme moja kwa moja kabla sijaanza kujipamba.

Namwonea wivu mdogo wangu.

Si ule wivu wa ndugu wa kugombea paja la kuku. Huu umenikaa kooni tangu Rhoda ahamishiwe kikazi hapa Dodoma, akafikia kwangu kwa muda tu, mpaka apate nyumba. Alikuja na masanduku, na pikipiki kubwa kuliko yangu, na nguo za ngozi za kuendeshea, jaketi na suruali, nyeusi tupu. Aliziagiza mtandaoni alipokuwa Mwanza. Zimemkaa mwilini kama alizaliwa nazo, na yeye anajua.

Sasa, katika familia hii aliyeanza kuendesha pikipiki ni mimi. Baba alinifundisha mwenyewe pale Mvumi, enzi zile akizunguka vijijini na pikipiki ya kazi kupeleka chanjo. Rhoda wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Tangu mama afariki, baba anaishi na mimi, na popote anapokwenda, kanisani, kliniki ya macho, kwa kinyozi wake anayemsengenyea wanasiasa, nampeleka mimi. Akinitambulisha kwa watu hasemi kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia. Anasema, huyu ni dereva wangu.

Nilidhani ni jina langu peke yangu.

Kuna Jumapili moja nilikuwa na kikao cha shule, Rhoda akampeleka baba kanisani. Waliporudi, baba alishuka, akajinyoosha mgongo, akamtazama Rhoda kuanzia shingoni hadi kwenye buti. Halafu akamwita jirani aliyekuwa anafagia uwanja wake: "Umemwona dereva wangu?"

Nilikuwa nachambua mchele kibarazani. Nilichambua mpaka nikawa natupa na mzima.

Yangeishia hapo labda ningesahau. Lakini ulikuja mwaliko wa baba mdogo kutoka Kongwa. Amemaliza nyumba yake na alitaka kaka yake awepo siku ya kuiombea. Baba akatangaza kwamba haendi na basi. Atafika Kongwa kwa pikipiki, kama alivyokuwa akifika zamani, na watu wamwone. Kisha akaongeza kwamba safari ndefu hapandi na mtu aliyevaa sweta. Baba ana kovu kwenye kiwiko alilolipata kwenye kokoto za Chamwino, na kwa jambo hilo hana mzaha.

Mimi ndiye mwenye sweta. Rhoda ndiye mwenye ngozi. Sikuhitaji kuchorewa.

Basi nikaagiza na mimi, kimyakimya. Muuzaji ana ukurasa mzuri, anashona kwa vipimo vya kila mteja, na maelezo yake hata mtoto angeyaelewa. Mtu mwingine akupime. Uvae nguo nyepesi. Futi ilale juu ya mwili, usiachie nafasi yoyote, kwa sababu nafasi wanaiongeza wao wakati wa kukata. Mikono na miguu ipimwe umekaa juu ya pikipiki, umekunja magoti, umeshika usukani.

Mtu mwingine ndani ya nyumba hii alikuwa Rhoda. Angenipima kwa furaha, namjua. Angepiga magoti, angezungusha futi kiunoni kwangu, na angesoma namba kwa sauti.

Bora nife.

Nilijifungia chumbani na futi ya mama, nikajipima mwenyewe mbele ya kioo, nimesimama, na kwa kuwa kulikuwa na baridi nikapima juu ya sweta. Halafu nikafanya lile kosa lenyewe. Mama alikuwa mshonaji pale Mvumi, na kila aliyemshonea alimpima namna moja: anazungusha futi, anapitisha vidole viwili chini yake, ndipo anasoma. Kifuani, kiunoni, mapajani. Kupima bila vidole, alisema, ni kumpimia mtu sanda. Nimekua nikiona hivyo, na nguo zangu zote za utoto zilipimwa hivyo. Maelezo ya muuzaji niliyasoma na kuyaelewa, kisha mikono yangu ikapitisha vidole viwili.

Kifurushi kilifika wiki hii. Nilivaa nikiwa peke yangu na nikajiona malkia. Niliinua mikono, nikachuchumaa, nikanywa hata chai ndani yake. Hakuna kilichonibana. Nikamkumbuka Rhoda, jinsi jaketi lake linavyomvuta mabega akiwa amesimama, anainama kidogo kama mtu mwenye kikohozi, na nikajisemea moyoni kwamba kumbe aliyekosea ni yeye. Nililala usingizi mtamu sana siku hiyo. Wivu ukipata hata kisababu kidogo unanenepa.

Leo asubuhi nikatoka nimevaa. Rhoda alinisifia, na alinisifia kweli, jambo ambalo liliniudhi zaidi. Nikakaa kwenye pikipiki, nikashika usukani, nikamwambia baba twende.

Baba hakupanda. Alizunguka mbele yangu na macho yake yale yasiyoona vizuri, akanishika kiwiko. Ndani ya jaketi kuna kikinga kigumu ambacho kinatakiwa kikae pale pale kwenye kiwiko. Alikizungusha kwa vidole. Kikaenda mpaka upande wa pili wa mkono wangu, kikarudi, kikaenda tena. Akapapasa goti, na kikinga cha goti nacho kilikuwa kimeshahamia pembeni kwenye paja. Hapo nikaelewa kwa nini la Rhoda humvuta akisimama: limekatwa kwa mtu aliyekaa kwenye pikipiki.

"Mama," akaniambia. Baba huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. "Hili siku ukianguka litakuacha."

Hakusema kwa ukali. Ningeona afadhali angesema kwa ukali.

Nililivua palepale uwanjani. Baba akalipokea, akalipima uzito mkononi, akalivaa juu ya shati lake la kanisani, akapandisha zipu mpaka shingoni. Lilimkaa. Mabega, mikono, kiwiko mahali pake, kila kitu. Akapanda nyuma ya Rhoda ndani ya jaketi langu, akamwambia dereva wake aondoe.

Kwangu alisema nibaki au nipande basi. Nilikataa. Nilivaa sweta mbili nikawafuata polepole.

Nataka niliandike hili nikiwa bado nalisikia. Kutoka Dodoma kwenda Kongwa nilikuwa natazama mgongo wa jaketi langu. Limekwenda mbele yangu njia nzima, zuri, jeusi, limejaa baba. Nilimchukia Rhoda kwenye kila kona. Nilichukia hata anavyoingia kona vizuri.

Kisha, kabla ya Mbande, barabara ikawa na matuta, na nikamwona baba anamgonga Rhoda begani mara mbili.

Hiyo ni lugha yetu, yangu na baba. Kwenye upepo hatusikilizani, kwa hiyo tulijitengenezea ishara zetu. Kugonga mara mbili maana yake mgongo unauma, punguza. Kuminya bega ni simama. Na kiganja kikilala wazi katikati ya mgongo bila kusogea, maana yake twende hivi hivi, nimefurahi. Hicho cha mwisho hajawahi kukieleza, nilikijua mwenyewe kwa miaka.

Rhoda hakupunguza. Nadhani alifikiri anahimizwa, maana aliongeza. Baba akagonga tena. Akarushwa kwenye tuta, akajikunja.

Na mimi nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwa kipande kirefu cha barabara nilifurahi moyoni kwamba kuna kitu cha baba ambacho Rhoda hakukijua, na mzee wa watu anaumia huku nimefurahi.

Tulisimama Mbande kwa chai. Baba alishuka ameshika kiuno, akasema ni uzee tu, akaenda kukaa kwenye benchi. Rhoda alibaki anafuta vumbi kwenye kioo cha helmeti, hana habari. Ningeweza kunyamaza. Chai ilikuwa ya tangawizi, na niliinywa yote kwanza. Halafu nikamwambia. Nilimwambia ya kugonga, nikamwambia ya kuminya. Kiganja nilitaka kukibakiza, nikakaa nacho kidogo, nikamwambia nacho.

Rhoda hakucheka. Alisema, "Dada, kwa nini hukuniambia siku zote?"

Nikamjibu kwamba hakuuliza. Ni jibu la kitoto, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Kutoka Mbande alikwenda kwa upole kama aliyebeba mayai. Tulipokaribia Kongwa, mashamba yakafunguka pande zote, nikaona mkono wa baba unatoka ubavuni, unapanda, unalala wazi katikati ya mgongo wa Rhoda. Ukakaa pale. Haukusogea mpaka tulipoiona nyumba ya baba mdogo.

Iliniuma. Ishara ile nilikuwa nimeitoa kwa mikono yangu mwenyewe na bado iliniuma.

Baba mdogo alitusalimu mlangoni kwa mbukwenyi za nguvu, salamu yetu ya Kigogo, akalishangaa jaketi kuliko alivyotushangaa sisi. Baba alizunguka nalo uani kama mheshimiwa aliyekuja kukagua mradi. Waliomba, tukala ugali na mlenda na kuku, baba akasimulia ajali ya Chamwino na kuonyesha kiwiko cha jaketi kama ushahidi. Tulirudi salama. Mpaka sasa hajalivua. Amekaa sebuleni, amesinzia ndani yake, na sidhani kama nitalipata tena.

Lakini kilichonifanya nifungue kompyuta ni kilichotokea baada ya chai ya jioni.

Rhoda alikuja chumbani kwangu, akasema nilete futi tuagize jingine, na safari hii anipime yeye. Alisema wazi kwamba lake lilipimwa na mfanyakazi mwenzake wa Mwanza, mtu mkavu asiye na mzaha, ndiyo maana lilitoka sawa. Nikatafuta visingizio vikaisha. Nikavaa nguo nyepesi, tukatoka uani, nikakaa kwenye pikipiki, nimekunja magoti, nimeshika usukani, baridi inanipiga. Mdogo wangu akapiga magoti ubavuni kwangu na futi ya mama.

"Usibane tumbo, dada."

Nililiachia. Karibu lote.

Akazungusha futi kiunoni. Na hapo, bila kufikiri, kabla ya kusoma namba, akapitisha vidole viwili chini yake.

Nilivitambua. Baridi yake, na jinsi vilivyoingia, kwa upande wa kushoto, kucha zikigeuziwa nje zisinikwaruze. Sikuwa nimepimwa hivyo tangu mama yupo. Mimi ndiye niliyerithi cherehani, mimi ndiye niliyerithi futi, na miaka yote hii niliamini kwamba mikono ya mama niliirithi mimi peke yangu. Kumbe huyu mtoto wa mgongoni alikuwa akitazama.

Nilijua ni kosa. Nilijua jaketi litatoka pana tena. Nikaviacha vidole vikae kidogo.

"Toa vidole, Rhoda," nikamwambia baadaye.

Alitazama mkono wake kama si wake. Alivitoa, futi ikalala juu ya mwili, akasoma namba kwa sauti, na ni kubwa kama nilivyoogopa.

Oda nimeituma kabla sijabadili mawazo. Kesho nitaamka na wivu wangu, najijua. Rhoda bado ana pikipiki kubwa, na baba bado atamwita dereva. Kwa hiyo najiuliza, huku mzee akikoroma sebuleni ndani ya kosa langu: jaketi likija na likanikaa, nitamwomba baba apande nyuma yangu tu, au nitaweza kumwachia achague?